Ngazi za Igogo

Kwenye steshenari yangu, kona ya mashine ya kusaga,
msimu wa matokeo ni msimu wa mikono inayotetemeka.
Fotokopi mia moja. Picha ndogo elfu tatu.
Kujaza fomu ya chuo, elfu mbili;
ushauri ni bure, ndiyo maana hauthaminiwi.

Jumatatu aliingia Mbuke wa supu ya sato,
nyuma yake Lugata, kijana mrefu
anayeinama mlangoni hata mlango ukimtosha.
"Andika uuguzi," mama alisema kabla ya salamu.
Niliikunjua karatasi ya matokeo. Ilikunjwa mara nne,
kana kwamba mkunjo wa tano ungeigeuza F.
Baiolojia D. Fizikia C. Kemia F.
Kiswahili B, na hiyo B haidungi sindano.

"Mama, uuguzi unataka kemia."
"Mjazie tu. Mungu anajua."
"Mungu anajua. Mfumo ndio haujui.
Ukiona F unafunga, hauulizi mtoto ni wa nani."

Nikamchorea nyuma ya karatasi iliyoharibika.
Watu hudhani chuo ni mlango mmoja,
kumbe ni kama tunavyoishi huku kwetu:
nyumba juu ya jiwe, jiwe juu ya nyumba,
na katikati vipandio, kila mtu na chake.
Moja, mbili, tatu: hizo za ufundi, mkono unatangulia.
Nne na tano, astashahada. Sita, stashahada;
zimepishana herufi moja tu, hiyo a ya mwanzo,
lakini a ile ina ada yake na miaka yake.
Saba wengi hawaijui hata jina.
Nane, shahada: joho, na picha ukutani.
Tisa na kumi sijawahi kumjazia mtu,
naziona tu kwa mbali, kama taa za Capri Point.

"Aanze moja?" Mbuke alishika kiuno.
"Miaka minne nimelipa michango, madaftari, viatu,
leo aanze moja, kama chekechea?"

Sikumjibu. Nilimgeukia kijana.
"Wewe unapenda nini?"
Akatazama feni. Akamtazama mama yake.
"Majokofu."

Kumbe kule mwaloni Kirumba, friza zikinyamaza usiku,
huitwa yeye. Huweka sikio kwenye bati,
huisikiliza kompresa kama daktari kifuani,
na mara mbili ameokoa sangara wa watu.
"Nani kakufundisha?"
"Zenyewe. Zilipokuwa zinaharibika."
Mama yake akageuka kumwangalia
kama aliyesikia mwanawe akiongea Kijapani.

Nikaandika: majokofu na viyoyozi, ngazi ya kwanza.
Nikamwambia mama, akimaliza ya tatu
ya nne itakuwa palepale, haijahama;
wako waliopanda hivyo hadi joho,
wamechelewa, ndiyo, lakini wamefika na kazi mkononi.
"Na wewe ndoo unaipandisha kwako kila asubuhi.
Nani amewahi kukuona ukiruka?"
Akacheka kidogo, bila kutaka.

Mtandao ukakatika. Ukarudi. Ukakatika.
Saa sita na nusu tukabonyeza "tuma".

Alinilipa kwa sarafu zenye mafuta ya supu.
Lugata alishatoka, ameinama.
Mbuke akabaki, anaifunga upya kanga isiyolegea.

"Na mtu wa darasa la saba," alisema, macho barabarani,
"aliyepika miaka ishirini na miwili
asiumwe tumbo hata mteja mmoja,
huyo yuko ngazi ya ngapi?"

Nikavuta karatasi nyingine iliyoharibika.
Nikamsogezea kiti.