Mavi ya Kale

Mavi ya kale hayanuki, wanasema.
Mimi nimeyafua.
Nimeyafua kwenye suruali za Jabez miaka sita,
kila Jumamosi, maji ya beseni yakigeuka
kijivu kama jicho la samaki aliyechacha,
na ni kweli: hayanuki chochote,
isipokuwa udongo, na jasho lake.

Hapa Cambridgeshire mashamba hupasuliwa,
mtaro ubavuni mwa mtaro, futi kumi na tano kwenda chini,
kutafuta vijiwe vyeusi, ukubwa wa kiazi.
Vinaoshwa kwenye kinu kinachozungushwa na farasi kipofu,
vinasagwa, vinamwagiwa tindikali,
vinarudi shambani kuwa mbolea.
Kinyesi cha majoka ya bahari, tuliambiwa.
Na bahari yenyewe
iko mwendo wa siku mbili kwa mkokoteni.

Tabitha alicheka hadi akakaa chini:
"Kwa hiyo mkate huu, Keziah…"
Nikamwambia ale. Ngano haiulizi.

Kuna siku mtaro hutoa visivyouzwa kwa tani:
konokono aliyejikunja kama pembe ya kondoo dume;
mfupa mwembamba, mtupu ndani kama filimbi.
Bwana mmoja wa chuo kikuu aliulipia shilingi mbili.
Wa bawa, akasema. Mjusi aliyeruka.
Akataja miaka, idadi isiyoenea
kwenye vidole vya kijiji kizima, na vya vichanga pia.
Kisha, akifuta miwani, akaongeza
kwamba vijiwe vyenyewe, vingi vyake, si mavi kamwe.
Ni matope yaliyoganda kumzunguka kaa, au sifongo,
au chochote kilichokufa kikakosa wa kukizika.

Jabez hakusema neno.
Miaka sita watoto wa wenye ng'ombe
wamekuwa wakimwita Mzoa Mavi.

Februari ukuta wa mtaro uliporomoka.
Walimtoa kabla ya giza.
Nilimwosha mwenyewe, maji yakageuka rangi ile ile,
na ngumi ya kulia ikakataa kufunguka.
Nikaibembeleza, kidole baada ya kidole.
Ndani mlikuwa na jino moja,
limechongoka, linang'aa,
kana kwamba juzi tu lilikuwa likitafuna.

Sikuliuza. Liko dirishani, karibu na chumvi.
Tabitha akija hulichukua, hulinusa,
hutikisa kichwa,
hulirudisha pale pale.