Nilishinda

Unaniuliza, Lugembe, nilishinda mara ngapi.
Shika kwanza huo mnyororo, usiudondoshe mchangani.
Leta mafuta. Si hayo. Yale ya cherehani.

Mara moja.
Puge hadi Tabora, mwaka mvua zilipochelewa.
Zawadi: mabati kumi na manne, na jogoo
aliyenidonoa mgongo njia nzima mpaka Isevya.
Mabati ndiyo hayo juu ya kichwa chako.
Jogoo tulimla siku ileile.

Kabla ya hapo nilibeba mkaa.
Magunia matatu toka Igalula, usiku,
kwenye mchanga nasukuma, kwenye udongo mgumu napanda,
Foniksi imechomelewa nondo mpaka imesahau umbo lake,
breki ni kandambili, nakanyagia tairi.
Alfajiri moja, karibu na geti la maliasili,
mtu ananifuata na pikipiki, ana saa mkononi.
Nikajua ni askari wa misitu.
Nilikanyaga, Lugembe! Nilikanyaga na magunia yangu yote,
na yeye nyuma anapiga kelele, anacheka.
Alikuwa Kasubi, kocha.
Ndivyo nilivyochaguliwa: kwa kumkimbia.

Timu ikanipa baiskeli nyepesi
ambayo Kalunde aliinyanyua kwa kidole, akaniuliza
kama nyingine wataileta kesho.
Ikanipa namba sitini na moja.
Ikanipa kazi.
Meneja alisema: wewe si wa kushinda,
wewe ni wa kushindisha.

Neno hilo lina tumbo mbili, nami nimelala katika zote.
Nilirudi nyuma kwenye gari, nikajaza chupa mgongoni,
saba, nane, maji ya baridi yakinichuruzika kiunoni,
nikapasua kundi zima kumfikia nahodha. Kunywa, kaka.
Kisha nikakaa mbele yake, nikaukata upepo.
Umewahi kwenda kurina?
Yupo anayetangulia na moshi.
Nyuki humjua yeye.
Wenzie hulamba vidole.
Na mshahara ulipokwama miezi minne
nikashindishwa kweli, na watoto wangu,
kwa uji wa chumvi.

Usinionee huruma, sijamaliza. Geuza gurudumu.

Kuna saa, kilomita ya mia na kitu,
miguu haiumi tena, imekuwa ya mtu mwingine,
watu sitini mnapumua kama mnyama mmoja,
miombo inakimbia pembeni, nyekundu, majani machanga,
na hakuna anayekudai chochote.
Hiyo sikuipata kwenye mkaa.
Hiyo sijaipata tena.

Sekenke ndipo nilipoanguka, kwenye mteremko.
Lori lilikuwa limemwaga dizeli kwenye kona.
Mtulinga ukavunjika mara mbili,
nahodha akapita kando yangu, akageuza shingo,
nusu tu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Akaendelea. Na mimi ningeendelea.
Mkataba uliisha kwa ujumbe wa simu, maneno kumi na moja.
Nimeyahesabu: ninajua kuhesabu vitu vinavyopita.

Namba yangu Kalunde ameishona mfuko
wa karanga za mbegu. Iko pale msumarini.
Usiiguse mpaka mvua.

Kwa hiyo waambie wenzako wa pale stesheni:
Mihayo alishinda.
Alishinda barabarani miaka tisa,
jua likimkuta Nzega, likimwacha Igunga,
alishinda na kiu, alishinda na upepo,
na jioni moja pale Puge
alishinda.

Sikiliza. Rimu inagusa breki, inalalamika.
Kaza spoku hiyo, nusu mzunguko. Basi. Umeona? Imenyamaza.

Kesho saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Sikonge.
Uje umekula.
Nitakaa mbele mimi, wewe nyuma, upana wa kiganja,
usitazame tairi langu, tazama bega.
Hili bovu.
Ukiliona linainama kushoto,
usiulize, usiseme samahani.
Nipite.