Mng'arishaji

Miaka thelathini na mmoja nilifukuza mikwaruzo.
Kasha la saa lilifika mezani kwangu
na alama za msasa, na dole la mtu asiyejali;
likaondoka kioo,
na msimamizi, Bwana Wermeille, akatazama masharubu yake humo
kabla ya kutia sahihi.
Mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele wa mtoto,
ulitosha kunirudishia kazi ya asubuhi nzima.

Jengo ni lile lile hapa Saint-Imier,
madirisha yale yale marefu yanayotazama theluji,
ila saa zimekwisha. Siku hizi wanachonga skrubu za titani,
fupi kuliko ukucha wa kidole gumba,
za kupandwa katika taya za waliopotewa na meno.

Nami nimo. Barafu ya Februari, ngazi za posta:
jino la mbele nililitema kwenye glavu.

Aurélien, mtoto wa kaka yangu, yuko chumba cha mchanga.
Alinionyesha moja chini ya hadubini.
Usiiguse, shangazi, hata mafuta ya kidole ni uchafu kwake.
Nikaona nini? Mashimo.
Ardhi iliyopigwa mvua ya mawe kisha ikanyweshwa asidi,
mashimo ndani ya mashimo, kingo zimekaa kama meno ya msumeno.
Nikauliza: nani kaiacha kazi njiani?
Akacheka. Imekwisha, shangazi. Hivi ndivyo inavyokwisha.

Akanieleza huku akinawa mikono:
ile inayong'aa, mfupa huikalia mbali kwa adabu,
huweka utando kati yao kama jirani ajengaye ua,
ukiivuta inatoka.
Hii ya makwaruzo, damu inaganda imeng'ang'ania kingo,
seli zinapanda juu yake
kama wapanda milima, mguu kwa mguu, zikipapasa pa kukanyaga;
zikipapata, zinasahau safari,
zinaanza kujenga.

Kisha akadondosha maji juu ya mbili.
Kwenye mpya, tone lilitandaa kama mgeni aliyevua viatu.
Kwenye iliyolala rafuni mwaka mzima
tone lilijikunja, likakaa pale kama ushanga.
Hewa tu, alisema. Hewa inaichosha.
Ndiyo maana nyingine tunazitia kwenye maji ya chumvi,
zisijue kwamba zimezaliwa.

Daktari Cattin alikaza yangu kwa ufunguo mdogo,
tik, tik, tik,
kama mtu ajazaye saa ya mfukoni.
Akanionya juu ya wiki ya tatu:
mfupa wa zamani unaanza kuachia, mpya haujashika.
Usitafunie upande huo, hata mkate.

Wiki ya tatu nilikunywa supu, nikamkumbuka Germain.
Chanda na pete, watu walituita.
Hatukugombana hata siku moja, wala neno la kukwaruza.
Pete ilichomoka kwa sabuni kidogo, Jumanne,
kabla ya chakula cha mchana.
Sisemi kitu. Nakumbuka tu.

Wiki ya kumi daktari aligonga kwa mpini wa chuma,
akainamisha sikio kama mafundi wetu wa zamani.
Sauti haikuwa ya kitu kilichowekwa.
Ilikuwa ya kitu kilichopo.

Jino lenyewe ni la kauri, nalo linang'aa;
limepita mikononi mwa mtu anayejua kazi
(kuna kasoro karibu na ufizi, nimemsamehe).
Nalitazama katika kasha langu la kustaafu,
nililolisugua mwenyewe, na bado ni kioo.
Chini yake, nisipoweza kupafikia kwa kitambaa,
mfupa wangu wa miaka sitini na tisa, mkaidi,
unaingia shimo baada ya shimo
bila kuniomba ruhusa.