Dakika Tano

Barua ilitangulia keki.
Baraza la kaunti halikukosea tarehe
wala jina: Bwana Malachy Gilhooly
anafikisha sitini tarehe kumi na moja Februari,
na kabla ya saa sita usiku
arejeshe kofia, buti, koti
na kile kidude cha kulia kiunoni.
Chini, sahihi ya mhuri.
Hata wino haukutoka mkononi mwa mtu.

Nilikichukia kidude kile.
Miaka thelathini na miwili kimelala kati yetu
kama mtoto asiyeachishwa ziwa.
Kikilia, mume wangu yuko mlangoni
kabla sijamaliza kutaja jina lake.
Zimamoto walimtaka kituoni kwa dakika tano,
basi tukaishi ndani ya dakika tano:
nyumba hii yenye ukungu ukutani, si ile ya kando ya ziwa;
harusi ya dada yangu kule Sligo, nikaenda peke yangu;
soda, Krismasi kwa Krismasi.
Nyama ya Jumapili nilijifunza kuipasha.

Mwezi wa Novemba daktari wa baraza
alimpandisha kwenye mashine ya kukimbilia,
akamfunga nyaya kifuani, akasema
moyo huu, bwana, ni wa mtu wa arobaini na mitano.
Nikauliza, sasa mbona?
Malachy akavaa shati, kifungo kwa kifungo.
"Daktari anapima moyo. Baraza linahesabu mishumaa."

Siku ile alikwenda kwa miguu.
Alirudisha kila kitu, akatia sahihi kila kitu,
hata soksi nene, ambazo hawakuzitaka.
Dervla, mwanafunzi wake wa bomba tangu ana miaka kumi na tisa,
alimfuta jina ubaoni kwa kiganja
maana kifutio kilipotea zamani,
halafu akamkumbatia.
Alirudi na chaki mgongoni,
vidole vitano.
Koti lile sijalipiga brashi.

Sikatai, kuna kazi zinazotaka goti jipya.
Nimemwona akishuka ngazi kinyumenyume
akidhani nimelala.
Na mbebaji akianguka ndani ya moshi, nani atambeba?
Hayo nayajua. Sheria haikuandikwa na mjinga.
Ila aliyeiandika hakuwahi kufika hapa,
mji wa watu wanane wa zamu, sasa saba,
na kijana wa mwisho aliyeomba nafasi
alihamia Perth kabla ya mafunzo.

Jana usiku, mvua, tukasikia magari
yakikimbilia kituoni.
Alisimama dirishani pekupeku, hakuwasha taa.
"Ekzosi mbovu ile, Tadhg.
Ile dizeli, Piotr.
Dervla huyo, anakata kona vibaya."
Kisha kimya.
"Watatu," akasema. "Gari halitoki na watatu."
Mkono wake ulikwenda kiunoni
ukakuta pajama.

Sijui tulingoja kiasi gani.
Nilijikuta namwombea mtu wa nne, yeyote,
mlevi, mzembe, mwenye miaka mia,
mimi niliyeomba miaka yote kidude kile kife.
Mara baiskeli, breki zikilia kwenye maji.
"Wanne," akasema,
na taa ya buluu ikapita ukutani petu,
juu ya picha za watoto, juu ya uso wake,
ikaenda.

Alirudi kitandani na miguu ya barafu.
Nikatazama saa.
Dakika ya sita ilikuwa imeingia
na mume wangu bado yupo.
Sijawahi kuwa naye katika dakika ya sita.
Sikujua mtu husema nini.