Maneno Matupu

Maneno matupu, wasemao husema, hayavunji mfupa.
Sawa. Mimi sina mfupa wa kuvunja asubuhi hii.
Nataka kujua treni ya Přerov inaondoka saa ngapi
na kama theluji imeifukia reli.

Hynek, mtoto wa kaka yangu, alikuja jana usiku
na huruma begani kama mkoba wa tarishi.
"Shangazi Bohumila, dunia nzima imehamia hiki kipya.
Umebaki peke yako na kile cha enzi za mawe."
Akakiweka. Akakifungua. Nikavaa hedfoni.

Ikaanza ile sauti:
kitufe. Kitufe. Picha isiyo na jina.
Kiungo, kiungo, kiungo,
kubali vidakuzi, kataa, simamia,
kitufe. Picha isiyo na jina.
Mwanamke anauza godoro.
Nilibisha hodi mlango hadi mlango,
na kila mlango ukanijibu: mlango.

Miaka ishirini na tisa nilikaa kwenye swichibodi
ya kiwanda cha pampu, hapa hapa Olomouc.
Nilijua sauti ya mkurugenzi aliyelala vibaya,
ya mkewe, na ya yule asiyekuwa mkewe.
Waya mmoja, tundu moja, mtu mmoja upande wa pili.
Hakuna aliyeniuzia godoro katikati.

Basi siku ya kuchagua nilichagua kama achaguavyo mtu buti:
kwa kuzivaa na kutembea.
Cha kwanza kilikuwa chepesi, kikikata ukurasa kama kisu kwenye jibini,
ila majedwali yote kiliyasaga uji;
saa za treni zikaogelea pamoja na nauli.
Cha pili kilijua majedwali, kikasahau herufi zetu.
Kila ř ikawa alama ya kuuliza,
nami nikasafiri mwezi mzima
kwenda mji uitwao P?erov.

Cha tatu ndicho hiki.
Kina ukaidi wake. Fomu ndefu hukitoa jasho,
na kikikwama hakisemi, kinanuna tu
kama marehemu mume wangu.
Lakini ukurasa hunipa wote, toka kichwani hadi unyayoni,
mstari kwa mstari, chini ya vidole,
nukta nundu zikiinuka na kulala
kama njegere chini ya kitambaa.

Mimi si mtawa. Cha Hynek nimekiacha palepale,
kama viatu vya arusini: vinabana, lakini benki
haikufungulii ukija na ndala.
Kila tarehe kumi navivaa, nalipa umeme,
nachubuka, navua.

"Skrini yako nyeusi tii," alisema leo, chai mkononi.
"Hakuna hata picha moja."
"Za kumwonyesha nani?"
Akapuliza chai yake kwa muda mrefu.

Kisha akatazama simu. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini.
Tuna nafasi ya kikombe cha pili."
Vidole vyangu vilikuwa vimeshafika chini kabisa,
pale wanapoficha wasiyotaka yasomwe:
*Jumapili haipiti. Kuna basi badala yake,
nyuma ya stesheni, saa kumi na mbili na robo.*

Nilimsomea. Hakuamini.
Akainama; nikasikia pumzi yake karibu na sikio langu,
akiisoma skrini nyeusi neno baada ya neno
kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.
Kikombe kikatua mezani.
Akauliza, kwa sauti ndogo, viatu vyangu viko wapi.

"Mlangoni," nikamwambia. "Vile vya theluji.
Si vya arusini."