Meno ya Maji ya Chai

Nikae tu kama sanamu, nilimuuliza, na ndizi auze nani?
Akasema, uza, Mama Nsianeli. Mimi nitaiba.

Jumamosi ya gulio la Tengeru,
vumbi limepanda hadi kwenye nyusi,
yeye kajikunja juu ya kreti ya soda,
magotini mfuko wa saruji aliougeuza upande wa ndani,
na rangi kwenye vifuniko vya chupa,
zilezile za kuandikia mabango.

Ndeanasia hakusomea. Namjua tangu anachora vibao vya saluni,
wale wanawake wenye shingo za twiga,
jicho moja linatazama Meru, jingine Kilimanjaro.
Tulimcheka. Naye alicheka,
kisha usiku akarudia jicho, akarudia, akarudia,
kwa taa ya simu, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mama yake,
mpaka masizi yenyewe yakajifunza kutazama.

Mimi nina picha tatu maishani.
Ya kipaimara. Ya ndoa. Ya kitambulisho cha taifa.
Zote nimefumba mdomo.
Wapiga picha wote watatu, neno moja: fumba, mama, ipendeze.
Maana sisi wa huku maji hutuandika tungali watoto,
kahawia, mistari, madoa,
na msichana wa Maji ya Chai hujua mapema
kwamba kicheko kina mlango,
na mlango ni kiganja.

Sasa sijui nani alileta ile habari ya punda wa Mbise
aliyeingia kanisani wakati wa sadaka.
Nilicheka.
Mikono yote miwili ilikuwa na mkungu.
Akaiba.

Jioni akanigeuzia mfuko.
Nikaona kitenge changu, sawa.
Nikaona mshipa wa shingo, ule unaoamka saa kumi alfajiri, sawa.
Kisha kinywa, wazi kama ghala siku ya mavuno,
na meno, moja moja, hakuruka hata moja.
Futa, nikamwambia. Nakulipa. Futa hayo.

Hakujibu. Alikuwa ameuma brashi.
Akaitoa, akafunua midomo,
akanionyesha ya kwake.
Kisha akachukua kikombe changu cha chai ya rangi,
akakishika kando ya picha, akalinganisha,
akaongeza tone la kahawia kwenye jino la mbele.

Wanasema mjini wapo wa kununua. Bado hajauza.
Kaitundika kwenye banda langu kwa misumari miwili,
kona moja inapepea.
Watu huitazama, kisha hunitazama.
Jana mmoja, ananunua mshale wa elfu mbili,
akauliza, huyu mama anacheka nini?
Nikaanza kumsimulia punda,
mkono ukapanda wenyewe, kwa mazoea,
ukafika kidevuni,
ukakumbuka chenji yake.