Sabuni

Karakana ya Wadi Kabir, saa nne usiku.
Wenzangu wamekwenda kula,
nimebaki na mashine ya kubania milango
iliyokuja Maskati mwaka aliozaliwa dada yangu.
Haishiki tena. Inabana fremu, inafika kumi,
halafu inalegea
kama mtu aliyesahau alilotaka kusema.

Kuttan kabadilisha vali. Kabadilisha mipira yote.
Kasema: tuiuze chuma chakavu, tupumzike.
Mimi nikafungua koki chini ya tangi:
maji, kikombe kizima, mekundu kwa kutu.
Jasho la Agosti, nalo limevutwa ndani.

Nikazima feni. Nikazima redio.
Nikakoroga sabuni ya vyombo kwenye kopo,
nikapaka kila kiungo kwa brashi ya vanishi,
taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.
Hapa kimya. Hapa kimya. Hapa,
nyuma ya silinda ya pili, pasipofika tochi,
povu likavimba, likawa jicho, likapasuka.
Likavimba tena.

Kiwanda kilichoiunda kilishafungwa.
Nikavua ndara ya kushoto, ya ngozi, ya Nizwa,
nikakata gasketi kwenye wayo,
nikailoweka mafuta, nikakaza boliti nne
kwa zamu, mshazari, bila pupa.

Mshale: sita.
Nikanywa chai mpaka machicha.
Mshale: sita kasoro unywele.

Nikaandika tangini kwa chaki, *Kuttan, usiuze*,
nikafunga mlango.
Lami bado ina moto wa mchana;
mguu mmoja unajua, mwingine haujui.